Kelele inawezaje kuikuza ishara dhaifu badala ya kuizamisha?

#1 FundiRedio_Mwanjelwa

Habari zenu wanajukwaa.

Tangu nianze kutengeneza redio hapa Mwanjelwa nimeamini kwamba kelele ni adui wa ishara na kwamba kazi ya fundi ni kuichuja. Sasa nimesoma kuwa mwaka 2005 Robert Badzey na Pritiraj Mohanty wa Chuo Kikuu cha Boston, Marekani, walichukua kijiti cha silikoni kilichoshikwa ncha zote mbili, kidogo mno kuonekana kwa macho, wakakitetemesha kwa nguvu hadi kikawa na hali mbili za mtetemo ambazo kinaweza kubaki katika mojawapo. Kisha wakakipa ishara dhaifu isiyotosha kukihamisha kutoka hali moja kwenda nyingine. Walipoongeza kelele kwa kiasi fulani, kijiti kilianza kuhama kwa kufuata mdundo wa ishara ile, na ishara ikajitokeza wazi kuliko wakati kelele ilipokuwa ndogo.

Sikuridhika na kusoma tu. Nilichukua kipande cha wembe wa msumeno wa kukatia vyuma, nikakibana kwenye jiriwa ncha kwa ncha mpaka kikapinda kidogo. Kipande hicho kina pande mbili za kupumzikia: ukikigusa kwa kidole kinaruka, tak, na kubaki kimepindia upande wa pili. Nikaweka koili mbili za rilei kuukuu, moja kila upande, zinazopokezana kukivuta polepole kwa umeme mdogo. Kwa koili peke yake kinatikisika tu bila kuruka. Nilipokifunga kwa utepe mota ndogo ya mtetemo niliyoitoa kwenye simu mbovu, kikaanza kuruka huku na huku kwa kufuata zamu za koili. Nikiongeza umeme wa mota zaidi, kinaruka ovyo na mdundo unapotea.

Maswali yangu ni mawili. Nishati ya kuruka inatoka wapi, wakati ishara yenyewe ni ndogo? Na je, ni kelele kweli inayokuza, au kuna jambo jingine linalojificha nyuma yake?

#2 Mnyalu_Kihesa

Kamwene mkuu. Jambo uliloliona lina jina, nalo ni rezonansi ya kubahatisha. Roberto Benzi, Alfonso Sutera na Angelo Vulpiani walilieleza mwaka 1981, na hawakuwa wakishughulika na silikoni bali na zama za barafu.

Maelezo yake ni haya. Kifaa chenye hali mbili kina kizingiti katikati, na ishara dhaifu haiwezi kukivusha peke yake. Kelele nayo hukivusha mara kwa mara bila mpangilio, na kasi ya kuvuka inategemea ukubwa wa kelele kwa namna ambayo Hendrik Kramers aliikokotoa mwaka 1940: ukiongeza kelele kidogo, muda wa kusubiri unapungua sana. Ishara inapokuja, inakiinamisha kizingiti kidogo upande mmoja, halafu upande mwingine, na hivyo bahati inakuwa na upendeleo. Kelele ikiwa ndogo mno, kifaa hakivuki kamwe. Ikiwa kubwa mno, kinavuka bila kujali ishara. Katikati kuna kiasi ambacho wastani wa muda wa kusubiri unakaribia nusu ya kipindi cha ishara, na hapo ndipo kuruka kunapokwenda sambamba na ishara.

Kuhusu nishati, inatoka kwenye kelele yenyewe, yaani kwenye mota yako. Ishara inachagua wakati tu.

#3 Loleza_Baridi

Kwa hoja hiyo, mashine ya kusaga ya jirani yangu hapa Ilomba ingekuwa imenisaidia kusikia taarifa ya habari kwa miaka mingi sasa, lakini kila inapowashwa sisikii hata jina la mtangazaji. Naomba wataalamu wanieleze kwa nini muujiza huu unatokea kwenye jiriwa la fundi na hautokei sebuleni kwangu.

#4 AsiyeAminiUpesi

Ndugu Loleza ameuliza kwa mzaha swali ambalo ndilo kiini cha mada, kwa hiyo nitamjibu kwa uzito. Sebuleni kwako hakuna kizingiti. Redio yako ikiwa nzima inajibu kila sauti kwa uwiano, ndogo kwa ndogo na kubwa kwa kubwa, na katika mfumo wa namna hiyo kelele hupunguza tu. Kelele inasaidia pale ambapo kifaa ni kiziwi kwa kila kilicho chini ya kiwango fulani.

Ndiyo maana siafiki neno "kukuza" linavyotumika hapa. Kwa ishara ndogo na kelele ya kawaida, imekwisha kuonyeshwa kihesabu kwamba uwiano wa ishara kwa kelele unaotoka kwenye kifaa hauzidi ule ulioingia nacho. Ulichofanya, mkuu wa #1, ni kuchukua kipokezi kibovu na kukipunguzia ubovu wake. Ungeondoa kizingiti, yaani ungelegeza jiriwa mpaka wembe unyooke, ungepima mwendo wake moja kwa moja na ungepata taarifa ileile au zaidi, bila mota.

#5 MwalimuFizikia_Mafinga

Nawashukuru kwa mjadala mzuri. Kuna jambo limepitwa tangu bandiko la kwanza. Mota ya simu si kelele. Ni mota yenye kipande cha chuma kilichowekwa upande mmoja wa ekseli, na inapozunguka inatikisa kwa masafa yake maalumu, aghalabu kati ya hezi 150 na 200 ikipewa umeme wake wa kawaida. Kelele ya kweli haina masafa maalumu.

Kwa hiyo jaribio la fundi halifanani na la Boston. Linafanana zaidi na lile ambalo Polina Landa na Peter McClintock walilieleza mwaka 2000, ambamo ishara dhaifu ya masafa ya chini hukuzwa kwa kuongeza mtetemo wa masafa ya juu ulio wa mpangilio kabisa. Mtetemo wa haraka unapokuwa mkubwa, kwa wastani unakifanya kizingiti kionekane kifupi, na ukizidi unakifuta. Hapo hakuna bahati wala muda wa kusubiri wa Kramers. Mnyalu ameeleza nadharia sahihi juu ya jaribio ambalo si lake.

#6 FundiRedio_Mwanjelwa

Mwalimu, nimekuelewa, lakini mota yenyewe ninailisha kwa betri ya simu iliyochoka, na ukisikiliza kwa makini utasikia mlio wake ukipanda na kushuka. Wembe nao unaisukasuka mota kila unaporuka. Masafa yake hayatulii hata kidogo, kwa hiyo sioni kwa nini tuseme hakuna ubahatishaji ndani yake.

#7 BintiTukuyu

Ugonile. Wakuu, mbona wote mnabishana juu ya kizingiti na hakuna aliyetazama namna wembe ulivyobanwa? Umebanwa ncha kwa ncha. Kitu chochote kinachotikisa ncha zake kinabadilisha mgandamizo, na mgandamizo ukibadilika, ugumu wa wembe unabadilika. Mota inayotikisa wembe uliopinda inaubana na kuulegeza kila mara.

Hapa tunaingia kwenye aina nyingine ya ukuzaji, ambayo haihitaji hali mbili wala kelele. Mtoto anayesimama kwenye bembea hasukumwi na mtu: anachuchumaa na kuinuka mara mbili katika kila mzunguko mmoja, na bembea inapanda. Anachobadilisha ni tabia ya bembea yenyewe, kwa masafa yaliyo maradufu ya yale ya bembea. Mwaka 1991 Daniel Rugar na Peter Grütter wa IBM waligundua ukuzaji huu, wakaufanya kwenye kijiti cha silikoni kilichoshikwa ncha moja, kwa kuubadilisha ugumu wake kwa umeme mara mbili ya masafa yake ya asili.

Hesabu yake ni nyepesi kuifuata. Kuna kiwango cha mwisho cha msukumo ambacho kikivukwa kijiti kinaanza kutetema chenyewe. Ukiwa kwenye asilimia 90 ya kiwango hicho, mwendo unaolingana zamu na msukumo unakuzwa mara 10, na ukifika asilimia 99 unakuzwa mara 100. Mwendo ulio kinyume cha zamu haukuzwi bali unapungua hadi karibu nusu, na hata mtikisiko wa joto wa upande huo unapungua chini ya ulivyokuwa kabla. Ndugu AsiyeAminiUpesi, naomba uniambie kama huko nako ni kupunguza ubovu.

Masafa ya asili ya wembe wa fundi yakiwa karibu na hezi 80 au 90, basi mota yake iko palepale kwenye maradufu.

#8 Mzee_wa_Kiwira

Binti, maelezo ni mazuri lakini hao wa IBM hawakugundua. Michael Faraday aliona mwaka 1831 kwamba maji kwenye chombo kinachotikiswa juu na chini yanatoa mawimbi yanayokwenda kwa nusu ya masafa ya mtikiso, nayo ndiyo tabia hiyo hiyo. Baadaye Franz Melde aliionyesha kwa uzi uliofungwa kwenye uma wa sauti. Walichofanya wa IBM ni kuileta kwenye kijiti kidogo na kuonyesha kwamba kelele ya joto inaweza kubanwa upande mmoja. Hilo ni kubwa la kutosha, halihitaji kuongezewa.

#9 Mpimaji_Chunya

Nachangia kwa yale niliyoyaona. Niliwahi kupata kibarua cha kubeba vifaa vya wapimaji wa miamba upande wa Chunya, na kifaa kilichobembelezwa kuliko hata mtaalamu mwenyewe kilikuwa kipimo cha mvutano wa dunia. Ndani yake kuna uzani mdogo ulioning'inizwa kwa springi ya aina aliyoibuni Lucien LaCoste miaka ya 1930. Tuliambiwa kwamba springi na mkono wake vimepangwa viwe karibu kabisa na kupoteza uwiano, kiasi kwamba mabadiliko madogo sana ya uzito yanausogeza mkono kwa umbali unaoonekana.

Kinatambua badiliko la takriban sehemu moja katika milioni mia moja za mvutano. Kukiinua kwa sentimita tatu au nne tu kunatosha kubadilisha jibu, kwa hiyo kila kituo tulipima kwa rula kimo cha miguu yake kutoka ardhini, na aliyesahau kuandika kimo alirudishwa kituoni hata kama jua limezama.

Hakuna kelele inayoongezwa humo, wala msukumo wa maradufu. Kinachofanya kazi ni ukaribu na ukingo. Nafikiri hata wembe wa fundi siri yake iko hapo, kwamba amebana kidogo tu, na angebana sana mota isingefanya lolote.

#10 Loleza_Baridi

Kwa hiyo sasa tuna maelezo manne kwa kipande kimoja cha wembe. Naona fundi alitaka jibu, akapewa kamati.

#11 MwalimuFizikia_Mafinga

Kamati iendelee, maana Mpimaji amefungua mlango mzuri. Kifaa chake hakitetemi, kimetulizwa makusudi, lakini wazo la ukingo linaingia moja kwa moja kwenye rezoneta ndogo, yaani vitu vinavyotetema kwa masafa yake ya asili kama kile kijiti.

Springi ya vitabuni inarudisha nguvu kwa uwiano na mvuto. Kijiti halisi kilichoshikwa ncha mbili hakifanyi hivyo, kwa sababu kinapopinda zaidi kinanyooshwa, na kunyooshwa kunaongeza nguvu ya kurudisha inayokua kwa mchemraba wa mwendo. Georg Duffing aliandika mlinganyo wa tabia hiyo mwaka 1918. Matokeo yake ni kwamba masafa ya asili yanasogea kadiri mtetemo unavyokuwa mkubwa, kilele cha mwitiko kinainama upande mmoja, na kuanzia kiwango fulani cha msukumo kinakunjika: kwa masafa yaleyale kijiti kinaweza kutetema kidogo au sana, kutegemea kimetoka wapi. Hizo ndizo hali mbili za Badzey na Mohanty. Kijiti chao hakikupinda kushoto na kulia kama wembe wa fundi.

Pale hasa ambapo mkunjo unaanza, mteremko wa mwitiko unakuwa wima, na badiliko dogo linajibiwa kwa kipeo cha pili cha tatu, yaani kipeo cha tatu cha badiliko hilo kikigeuzwa: badiliko likipungua mara 1,000, jibu linapungua mara 10 tu. Kwa hiyo kadiri ishara inavyokuwa dhaifu ndivyo inavyokuzwa zaidi kwa uwiano.

Na hapa ndipo penye jibu la kwa nini watu wanahangaika na vitu vidogo hivyo. Kijiti chembamba kinaingia kwenye mkunjo kwa mwendo wa nanomita chache, na uzito wake ni mdogo kiasi kwamba chembe chache zikitua juu yake masafa yanasogea. Tatizo ni kwamba mwendo huo ni mdogo pia kwa anayetaka kuupima, na joto la chumba linakitikisa bila kukoma. Kukuza ndani ya kijiti chenyewe, kabla waya na transista havijaongeza kelele zao, ndiyo faida inayotafutwa.

#12 Mzee_wa_Kiwira

Mwalimu, "kipeo cha pili cha tatu" kitawachanganya vijana. Hesabu ya mfano wako inaonyesha ni kipeuo cha tatu, basi. Mengine yote nakubaliana nayo.

#13 Muuguzi_Rungwe

Nimefuatilia kimya, lakini mlipofika kwenye kipeuo cha tatu nimeona niseme. Sikio la binadamu linafanya jambo hilohilo. Nguvu ya sauti kubwa tunayoweza kuvumilia inazidi ile ndogo tunayoisikia kwa takriban mara milioni moja, kwa kupima kanieneo, na kipeuo cha tatu cha milioni ni mia tu. Mfumo wa ndani ya sikio unaweza kubeba mia, hauwezi kubeba milioni.

Thomas Gold alidai mwaka 1948 kwamba ndani ya sikio lazima kuwe na ukuzaji unaotumia nishati, na hakusikilizwa sana. Mwaka 1978 David Kemp alirekodi sauti zinazotoka sikioni kuja nje. Ndicho kinachopimwa leo kwa watoto wachanga katika hospitali zenye kifaa hicho: kijibomba laini kinawekwa sikioni, kinatoa mlio mdogo, kisha maikrofoni ndani yake inasubiri sikio lijibu. Seli zenye vinyweleo za sikio linalofanya kazi hujibu. Maelezo yanayoungwa mkono na wengi ni kwamba kila seli inakaa karibu na ukingo wa kuanza kutetema yenyewe.

Ila upande wa kelele nao una ushahidi wake. Mwaka 1993 Frank Moss na wenzake walionyesha kwamba vipokezi vya mtikisiko vya kamba wa maji baridi hutambua ishara dhaifu vizuri zaidi vikiongezewa kelele ya kiasi. Kwa hiyo viumbe hai havitusaidii kuamua nani kashinda.

#14 AsiyeAminiUpesi

Nimewasoma wote. Nakubali sehemu moja ya bandiko #11, kwa sababu inalingana na kanuni ambayo fundi yeyote wa redio anaijua, ile aliyoiandika Harald Friis mwaka 1944: kelele ya hatua ya kwanza ndiyo inayoamua ubora wa mnyororo mzima, na hatua ya kwanza ikikuza vya kutosha, kelele za hatua zinazofuata hazina uzito. Kama kijiti chenyewe ni hatua ya kwanza, faida ipo.

Lakini hakuna aliyetaja gharama. Kila ukuzaji wa ukingoni unalipwa kwa muda. BintiTukuyu amesema asilimia 99 inatoa mara 100, hakusema kwamba ukanda wa masafa unasinyaa kwa kiwango hichohicho na kijiti kinachelewa kutulia. Rezoneta nzuri tayari ni nzito kuamka: yenye masafa ya hezi 32,768 kama ile ya saa ya mkononi, ikiwa na ubora (kipimo cha jinsi mtetemo unavyodumu) wa 50,000, inachukua karibu nusu sekunde kupoteza theluthi mbili ya mtetemo wake. Izidishe nusu sekunde hiyo mara 100 kisha uniambie kama ishara yako itakusubiri.

#15 BintiTukuyu

Itasubiri kama ni ishara ya polepole, na nyingi zinazotafutwa kwa njia hii ni za polepole. Hata hivyo hoja ya gharama naipokea kwa sababu kipimo chochote kina bei yake. Nisichokipokea ni kuiweka njia ya maradufu kapu moja na njia ya kelele. Yangu inachagua zamu, yao inabahatisha.

#16 Mnyalu_Kihesa

Inabahatisha na bado inafika, dada.

Nirudi kwenye wembe. Njia ya kututenganisha ipo na fundi anayo dukani. Mota itolewe. Redio ya FM iwekwe mahali pasipo na kituo, ule mvumo wake upelekwe kwenye amplifaya, na amplifaya iendeshe koili ya tatu karibu na wembe. Mvumo huo ni kelele halali, hauna masafa maalumu. Wembe ukiendelea kuruka kwa kufuata zamu, basi Kramers yupo kazini. Ukiacha, nitawaachia Mwalimu na BintiTukuyu wagawane.

#17 MwalimuFizikia_Mafinga

Ni jaribio zuri, ila lina tundu. Wembe hausikii mvumo wote, unasikia zaidi ule ulio karibu na masafa yake ya asili, na kilichomo ndani ya mvumo kwenye masafa ya maradufu kitaendelea kuubana na kuulegeza kama alivyosema BintiTukuyu. Ukiruka, nyote wawili mtadai ushindi.

#18 FundiRedio_Mwanjelwa

Nawashukuru wakuu. Kichujio cha kuondoa masafa mamoja si kazi ngumu, ni kapasita na rezista chache. Kwanza nitaugonga wembe na kupima masafa yake kwa maikrofoni, kisha nitaendesha mvumo mara ya kwanza ukiwa mzima na mara ya pili ukiwa umekatwa maradufu. Mpimaji, nitabana na jiriwa kwa viwango tofauti ili hoja yako ya ukingo isije ikasahaulika.

#19 AsiyeAminiUpesi

Na uweke kipimo kimoja bila mvumo na bila mota, jiriwa likiwa limelegezwa wembe umenyooka, koili zikipokezana vilevile. Hicho ndicho changu.